Daftari la Vya Kuazima

Chini ya meza ya studio yangu, hapa Nyakato, Mwanza, linaning'inia daftari kubwa lililofungwa kwa uzi wa katani ili lisitembee. Juu ya jalada nimeandika kwa kalamu nene: VYA KUAZIMA. Ndani lina safu tatu tu: kitu, nani, lini. Flashi ndogo, jirani wa Buzuruga, Ijumaa jioni. Stendi mbili na mwamvuli mweupe, mwenzetu wa Igoma, Jumamosi. Betri mbili, mimi, Jumapili kabla ya misa ya kwanza. Kitu kikirudi, mstari unafutwa kwa rula, na biashara inaendelea.

Wiki chache zilizopita kijana ninayefanya naye kazi alilifungua akitafuta triga yetu ya kuwashia flashi ilikolala. Akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Kisha akauliza, "Kaka, hapa tuliazima au tuliazimwa?"

Nikachungulia. Mstari ulisema: lenzi ya 50, Mecco, tarehe 14. Nikajikuna kichwa. Sikujua kama lenzi ilitoka kwangu kwenda Mecco au ilikuja kwangu kutoka Mecco. Ningeweza kuulaumu mwandiko, lakini lugha nayo ina mkono wake. Kiswahili kina neno moja, kuazima, na linawabeba wote wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea. Waliolitumia kabla yetu waliona kitu kikihama kutoka mkono hadi mkono, wakaona inatosha. Mkono upi ulikuwa juu na upi chini, hilo waliachiwa wahusika.

Kijana alikuwa na swali jingine. Amedunduliza mwaka mzima kutoka kwenye mahafali, vipaimara na sendofu. Anataka kununua kamera yake ya kwanza. Amezunguka mjini, ameulizia bei, ameambiwa kwamba kamera mpya zimebadilishwa kiti cha flashi, zina pini nyingi, na kwamba mwenye macho ya mbele anunue ya namna hiyo, na flashi yake, na maikrofoni yake. "Sasa kaka, niingie huko moja kwa moja, au nichukue ya mtumba ya kiti cha zamani?"

Nilimwambia nitamjibu. Nimelizungusha kichwani tangu siku hiyo, na kila nikifika mahali pa kujibu najikuta nalitazama daftari.

Tuanze na kiti chenyewe. Juu ya kamera, katikati ya kichwa chake, kuna reli mbili fupi za chuma zilizokunjwa kwa ndani. Mguu wa flashi unateleza katikati yake kama behewa linaloingia karakana. Sakafuni, kati ya reli hizo, kuna pini moja kubwa ya mviringo. Kwa kazi ya kuwasha flashi, pini hiyo na chuma cha reli vinatosha. Shata ikifunguka, kamera inaviunganisha viwili hivyo kwa kitambo kidogo sana, na flashi inalipuka. Umbo hili lina kiwango cha kimataifa, ISO 518, na ndiyo sababu flashi ya kampuni usiyoijua, iliyonunuliwa na mtu usiyemjua, inaweza kukalia kamera yako na kuwaka.

Pembeni ya pini kubwa kuna pini ndogo ndogo, na hapo ndipo kila kampuni inaongea lugha ya kwao. Canon wamezipanga hivi, Nikon vile, na kupitia kwazo kamera inaiambia flashi yake kiasi cha mwanga kinachotakiwa, umbali wa lenzi, na mengine ya ndani. Mkazi wa Mwanza ataelewa haraka. Unaweza kukaa mji huu miaka kumi bila kukijua Kisukuma, lakini ukiamkiwa "mwangaluka" unaitika. Pini ya katikati ni hiyo salamu. Pini ndogo ni mazungumzo yanayofuata, ambayo mgeni anabaki akitabasamu tu.

Shida huanza kampuni inapoamua kuiacha salamu. Minolta walifanya hivyo mwaka 1988: wakaliacha umbo la kawaida, wakatengeneza kiti chao chenye kufuli lake. Kilikuwa kizuri, flashi inaingia, inajifunga, haichezi. Mwaka 2006 Sony wakaichukua biashara ile ya kamera, wakakirithi na kiti chake. Waliokuwa na vifaa hivyo waliishi na adapta mfukoni mpaka mwaka 2012, Sony waliporudi kwenye umbo la kawaida na kuzificha pini zao mpya mbele kabisa, chini ya mdomo wa kiti. Hiyo ni miaka 24 ya kuzunguka na kurudi pale pale walipokuwa wengine.

Canon nao wakaja na chao mwaka 2021, kwenye kamera ya EOS R3. Kwa macho ni kiti kile kile, ila mbele yake zimepangwa pini 21 nyembamba kama meno ya kitana. Zinapitisha umeme, sauti na data. Kifaa cha kuziongoza flashi kinaweza kukaa pale bila betri yake, kikila umeme wa kamera. Maikrofoni inaweza kukaa pale bila waya. Ni kazi ya uhandisi ya kuheshimiwa, na kwa hisani nzuri flashi nyingi za zamani bado zinaingia na kuwaka.

Lakini tazama upande wa pili. Flashi yao ya EL-5, iliyotengenezwa kwa ajili ya kiti hicho kipya, haifanyi kazi kwenye kamera za kiti cha zamani. Mlango unafunguka upande mmoja. Mwenye kamera mpya anaweza kuja kwangu kuchukua flashi yangu ya zamani. Mimi siwezi kwenda kwake kuchukua yake mpya. Kuazima, neno letu moja, linapasuka vipande viwili.

Kupasuka huko nilikuona kwa macho miaka michache iliyopita, kwenye sendofu moja ukumbini, si mbali na hapa. Mwenzangu alikuja na kamera ndogo mpya, inang'aa, bado ina karatasi ya plastiki kwenye kioo. Kabla maharusi hawajaingia nilimpa triga yangu ya akiba aziwashe taa mbili nilizokwisha kuzisimamisha kwenye kona. Akaibandika. Akabonyeza. Kimya. Akabadilisha chaneli. Kimya. Tukabadilisha betri, tukaipangusa pini kwa pindo la shati, MC akiwa ameshaanza kuita ndugu wa upande wa kuumeni.

Ndipo nikaitoa triga na kukiangalia kile kiti kwa tochi ya simu. Reli mbili zilikuwepo. Pini ndogo zilikuwepo. Katikati, mahali pa pini kubwa, palikuwa na plastiki nyeusi laini, haina hata tundu. Kampuni ilikuwa imeiondoa salamu na kubakiza mazungumzo ya ndani peke yake. Triga yangu, inayojua salamu tu, ilikuwa imesimama mlangoni inabisha hodi kwenye ukuta.

Mwenzangu alipiga picha za mwanzo kwa taa za ukumbi, zile zinazobadilika kutoka kijani kwenda zambarau kwa kufuata muziki. Mama wa bibi harusi alipoziona kwenye kioo alisema kwa upole, "Mwanangu, mbona nimeiva kama biringanya?" Nilimpigia simu yule jirani wa Buzuruga. Baada ya muda bodaboda akaingia uani na kamera kuukuu iliyofungwa kwenye kitenge cha mke wa jirani, pembe zimechubuka, mpira wa mkononi umelegea. Tukaibandikia triga. Taa mbili zikawaka pamoja, na ukumbi mzima ukageuka kutazama.

Mstari wa usiku ule bado uko kwenye daftari: kamera, Buzuruga, saa mbili usiku. Safari hii sina shaka nani aliazima.

Najua methali inavyosema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimekua nikiisikia, na kwa nguo sina ubishi. Lakini kazi yetu hii ingefungwa kesho kama kila mtu angesubiri kununua nguo yake. Hapa hakuna mpiga picha mwenye seti kamili. Mmoja ana lenzi ndefu, mwingine ana taa, wa tatu ana stendi zisizoyumba, na Jumamosi zenye harusi nyingi vitu hivyo vinazunguka barabara ya Musoma mgongoni mwa bodaboda kama samaki wanaotoka mwaloni. Vyote pamoja ni studio moja kubwa isiyo na jengo. Mwenye kuiunganisha ni ile pini ya katikati, yenye upana wa tundu la kifungo.

Mtu wa Mwanza hana haja ya kwenda mbali kuuona ukweli huu kwa ukubwa wake. Ashuke bandari ya Mwanza Kusini siku meli ya MV Umoja ipo. Meli ile ina reli sakafuni. Inageuza tumbo lake gatini, reli za nchi kavu zinakutana na reli za meli, na mabehewa yanasukumwa ndani na mzigo wake, hayapakuliwi. Ng'ambo, Port Bell, yanashuka na kuendelea na safari juu ya reli ya Uganda. Hilo liliwezekana kwa sababu moja: Tanganyika, Kenya na Uganda zilijengewa reli ya upana mmoja, mita moja kamili. Reli ya Tabora ilipoufikia mji huu mwaka 1928, upana wake ulikuwa tayari umeshakubaliana na wa ng'ambo ya ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mali zikagawanywa, mipaka ikafungwa kwa muda, watu wakanuniana. Upana wa reli haukununa. Behewa lilibaki linaingia kokote.

Upande wa pili wa nchi kuna somo la kinyume. Reli ya TAZARA, iliyomalizika mwaka 1975, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti yake na reli ya kati ni milimita 67, haifiki hata urefu wa kidole cha shahada. Ilichaguliwa kwa sababu nzuri, kwa kuwa ndiyo inayokutana na reli za Zambia na za kusini. Lakini Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokaribiana, behewa la huku halivuki kwenda kule. Mzigo lazima uhamishwe. Kidatu ni adapta, na kama adapta yoyote inafanya kazi yake, ila inadai muda na malipo kila unapopita.

Sasa inajengwa reli ya kisasa ya milimita 1,435, na kipande cha Mwanza hadi Isaka kina kilomita 341. Hakuna behewa la reli ya zamani litakalotembea juu yake, na sijasikia mtu mwenye akili akilalamika, kwa sababu reli yetu ya zamani haikujengwa kubeba mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Reli mpya imeleta kitu ambacho ya zamani haikutupa. Tena ni nchi ndiyo iliyonunua: reli, mabehewa, vichwa, stesheni, vyote pamoja. Kijana wangu akinunua kamera ya kiti kipya, ananunua stesheni moja.

Nisije nikaonekana mzee anayechukia kila kipya, niseme kuhusu chaja. Kwa miaka mingi kila betri ya kamera ilikuwa na chaja yake, na chaja hiyo ikisahaulika nyumbani, kazi imekufa. Ukifika Sengerema kwenye harusi ya siku mbili bila chaja, utazunguka mji mzima ukionyesha betri yako kama picha ya mtoto aliyepotea. Kamera nyingi za sasa zinachajiwa kwa Type-C, waya ule ule wa simu. Apple wenyewe, walioshikilia tundu lao kwa zaidi ya miaka kumi, waliukubali kwenye iPhone 15 mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukaufanya kuwa sheria kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, kamera za dijitali zikiwemo. Umeme ukikatika ukumbini, nachomeka kamera kwenye pawabenki ya MC. Waya ukinipotea, shangazi wa bwana harusi anao kwenye pochi.

Hiki nacho ni kiunganishi kipya, kililazimisha watu kubadilisha vifaa, na sijawahi kukinung'unikia. Kimenipa majirani niliokuwa sina. Jana chaja yangu ilijulikana na watu wanne hapa mtaani. Leo ukumbi mzima una chaja yangu. Kiti chenye pini 21 kinafanya kinyume kwa sasa: kinanipunguzia watu mpaka nibaki mimi na duka.

Basi upya peke yake haunisaidii kuamua. Wala ukongwe. Aliyenifundisha kazi hii, mzee aliyekuwa akipiga picha mbele ya pazia lililochorwa minazi, katika mji ambao minazi yake ni ya kuhesabu, aliniachia flashi yake alipostaafu. Ni nzito, ina kioo kikubwa, na ikijichaji inalia kama mbu. Reli zake zinaingia kwenye kamera yangu bila shida. Pini ya katikati ipo. Nilikuwa nimeshaishika juu ya kiti, tayari kuisukuma, fundi wa redio wa jirani aliponizuia. Akaipima kwa mita: zaidi ya volti 200 kwenye ule mguu. Flashi za zamani ndivyo zilivyokuwa, kwa sababu kamera zao ziliwasha kwa vipande viwili vya shaba kugusana. Kamera ya dijitali inawasha kwa transista, na nyingi hazikutengenezwa kuhimili umeme mkubwa hivyo. Ningeiunguza kwa heshima na taadhima.

Umbo lilikuwa limekubali, umeme ulikataa. Hivyo si kila kinachoingia kinaungana, na mwenye kung'ang'ania cha zamani kwa sababu tu kinateleza vizuri kwenye reli anaweza kulipia kwa kamera nzima. Flashi ya mzee sasa inakaa kwenye stendi yake, imefungwa kipokezi cha redio cha aina inayostahimili volti kubwa, nayo kamera yangu iko mbali, salama. Wanaelewana kwa hewa. Mzee alipoona alicheka, "Mwanangu, umeniozesha kwa simu."

Na kuna mtu ambaye kiti kipya kinamfaa leo, nisimnyime haki yake. Yupo mwenzetu mmoja aliyeachana na picha za mnato, anafanya video tupu: anarekodi nasaha za wazee, viapo kanisani, hotuba za mahafali. Waya mwembamba wa maikrofoni umemtesa. Unalegea katikati ya kiapo, na kiapo hakirudiwi kwa ajili ya mpiga video. Kwake, sauti inayoingia kwenye kamera kupitia kitini bila waya ni mkate wa kila siku. Ni mtu wa reli ya kisasa. Anahitaji mwendo ambao reli yetu ya zamani haiubebi, na amekubali kugharimia stesheni zote. Nami nilimwambia, nunua.

Lakini kijana wangu kazi yake ni picha za pasipoti asubuhi na sendofu jioni. Hapo kiti kipya kingempa nini? Taa ni zile zile, nyuso ni zile zile, ukumbi ni ule ule wenye taa za zambarau. Ningemwuliza afanye hesabu moja tu, si ya pini wala ya bei. Ahesabu kwa vidole ni watu wangapi, kwa umbali wa bodaboda mmoja, wanaoweza kumletea kitu kitakachokaa kwenye kamera hiyo saa mbili usiku MC akiwa ameshashika kipaza sauti. Na wangapi yeye anaweza kuwapelekea. Hesabu mbili, kwenda na kurudi. Zikikaribiana, anunue, iwe mpya au ya mtumba. Moja ikiwa sifuri, angoje. Mitumba ya kiti kipya itafika na sokoni Makoroboi, jirani wa Buzuruga atanunua moja, na siku hiyo pini 21 zitakuwa zimejifunza salamu ya hapa.

Nilimweleza hivyo jana jioni, tukifunga. Hakujibu. Alilivuta daftari, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuhesabu majina kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza. Alipofika ukurasa wa katikati akasimama.

"Kaka, na huu waya wa Type-C? Umeandikwa mara tatu, haujafutwa hata mara moja."

Nikatazama. Kweli, umeandikwa: waya, Mecco, waya, Igoma, waya, mimi. Tarehe tofauti, na hakuna rula iliyopita. Wakati huo huo waya wenyewe ulikuwa ukutani, umechomekwa kwenye simu ya mteja aliyekuwa akingoja picha zake za pasipoti zikauke. Nilijaribu kukumbuka ulikuwa wa nani nikashindwa. Nani kauleta, nani anaudai, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Futa yote mitatu," nikamwambia.

Akafuta. Mteja akachomoa simu, akashukuru, akaubandua na waya, akautia mfukoni, akatoka. Kijana akaniangalia. Nikamwambia amwache aende.